Mashauri ya Afya: Jino Ling'olewalo na Moyo Wenye Ila

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo ambalo wengi hawalijui, na kwa kutolijua wengine wamepata hasara kubwa. Nalo ni hili: jino laweza kuudhuru moyo. Twajua ya kuwa mtu alisikiapo neno hili mara ya kwanza atacheka, akisema, "Jino liko kinywani na moyo uko kifuani; vina ujamaa gani?" Hata sisi tulidhani hivyo zamani. Walakini damu ndiyo iviunganishayo, maana hupita katika ufizi kama ipitavyo katika moyo.

Tulimfahamu kijana mmoja, jirani yetu, ambaye moyo wake ulikuwa mbovu tangu utoto. Alipasuliwa, akawekewa mlango wa moyo wa kutengenezwa kwa mikono ya watu, akapona, akarudi kazini, akaoa. Baada ya miaka michache jino la nyuma likamwuma usiku kucha. Asubuhi akaenda likang'olewe. Aliyemng'oa hakumwuliza neno juu ya moyo wake, wala yeye hakusema, kwa kuwa aliona si mahali pake. Amekuja kwa habari ya jino. Jino likatoka, maumivu yakatulia, akarudi nyumbani na furaha.

Yalipopita majuma mawili akaanza kushikwa na homa jioni na kutokwa na jasho usiku. Akasema ni malaria, akameza dawa. Homa ikapungua, kisha ikarudi. Akanunua vidonge vingine dukani, akameza. Ikapungua tena, ikarudi tena. Mwezi ukapita hivyo, naye akazidi kukonda na kukosa pumzi, hata mkewe akamshika mkono akampeleka hospitali asipende. Huko walitoa damu wakaichungua, wakapiga picha ya moyo, wakaona ya kuwa vijidudu vya kinywani vimefanya makao juu ya ule mlango wa moyo. Alilala hospitali majuma sita akichomwa sindano usiku na mchana. Alipona, lakini hakurudia nguvu zake za kwanza. Nasi tulipokuwa tukimtazama tulijiuliza swali moja: je, jambo hili halikuweza kuzuiwa?

Basi kwanza tueleze jinsi linavyotokea. Kinywa cha mtu, hata cha mtu aliye safi, kina vijidudu visivyohesabika. Vilivyo vingi havina madhara maadamu vyakaa mahali pake. Baadhi yake ni vya jamii iitwayo streptokoki, navyo hupenda kukaa katika ukoga wa meno na chini ya ufizi. Jino ling'olewapo, mishipa midogo ya damu hukatika, na vijidudu hivyo hupata njia ya kuingia katika damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima si neno kubwa. Kabla ya muda mrefu kupita, askari wa mwili huvikamata na kuviua, naye mwenyewe hana habari.

Lakini moyo una vyumba vinne na milango minne, ambayo madaktari huiita vali. Milango hiyo hufunguka na kufungika kiasi cha mara 100,000 kwa siku moja, ili damu iende mbele isirudi nyuma. Mlango ulio laini hauna mahali pa kijidudu kushika. Bali ukiwa na kovu, au ukiwa ni wa kutengenezwa, damu hupita kwa msukosuko, na mahali palipochubuka hugandamana damu kidogo. Hapo ndipo vijidudu hunasa, kama majani yanasavyo penye kisiki katikati ya mto. Vikisha kunasa huzaana, na kujifunika kwa damu iliyoganda, hata askari wa mwili wasiweze kuvifikia. Huuharibu mlango kidogo kidogo. Tena vipande vikimeguka huchukuliwa na damu mpaka ubongo au figo, vikaziba mishipa, na mtu aweza kupooza upande mmoja kwa ghafula. Ugonjwa huu huitwa endokaditisi. Kabla ya kupatikana penisilini, aliyeupata alikufa, isipokuwa wachache mno. Hata leo, pamoja na dawa zote na upasuaji, kiasi cha mtu mmoja katika watano hufa akiwa bado hospitalini. Kwa sababu hiyo wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Elimu hii haikuja kwa siku moja. Mwaka 1885 daktari William Osler alifundisha mjini London habari za ugonjwa huu, akionyesha ya kuwa huwapata zaidi wale ambao milango ya mioyo yao ilikwisha haribika zamani. Mwaka 1909 daktari mwingine wa London, Thomas Horder, aliandika habari za wagonjwa 150, akaeleza ya kuwa vijidudu vilivyoonekana katika damu yao vilifanana na vile vya kinywani na tumboni. Kisha mwaka 1935 Okell na Elliott wa Uingereza walifanya jambo jepesi lakini lenye maana kubwa: walitoa damu ya watu 138 mara tu baada ya kung'olewa meno, wakaichungua. Katika kila watu 100, 61 walikuwa na streptokoki katika damu. Basi shaka ikaondoka. Njia kutoka kinywani mpaka moyoni ikajulikana.

Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, ilianza kutumika kwa wagonjwa katika miaka ya 1940. Ndipo madaktari wakawaza hivi: ikiwa twajua siku na saa ambayo vijidudu vitaingia katika damu, mbona tusiweke dawa humo kabla havijaingia? Mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa shauri lake la kwanza, kwamba wenye ila ya moyo wapewe penisilini wanapong'olewa meno. Tangu hapo shauri hilo limegeuzwa mara nyingi. Zamani mgonjwa alipewa dawa kwa siku kadhaa. Tangu mwaka 1997 imekuwa kipimo kimoja tu, kabla ya kazi.

Hapa msomaji atasema, "Basi neno limekwisha, kila mwenye ila ya moyo na ameze dawa." Hata madaktari walisema hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Lakini katika kuchungua zaidi waliona mambo mengine ambayo hayana budi kuhesabiwa.

La kwanza, si kung'oa jino tu kutiako vijidudu katika damu. Kupiga mswaki na kutafuna chakula pia huvitia. Mwaka 2008 ilitangazwa habari ya jaribio lililofanywa Marekani kwa watu 290. Waliopiga mswaki tu, 23 katika kila 100 walionekana na vijidudu vya namna ile katika damu. Waliong'olewa jino bila dawa walikuwa 60 katika kila 100. Na waliong'olewa baada ya kumeza amoksilini, ambayo ni ndugu ya penisilini, walikuwa 33. Twaona mambo mawili hapa. Dawa yapunguza, wala haiondoi kabisa. Tena mtu hung'olewa jino mara chache katika maisha yake, bali mswaki hupigwa kila siku. Na mwenye ufizi mbovu utokao damu hujitia vijidudu asubuhi na jioni, wala hakuna vidonge vya kumlinda kila siku.

La pili, dawa nayo ina hatari zake. Wako watu ambao miili yao haiipatani na penisilini. Huvimba uso, hubanwa pumzi, na mara chache hufa. Tena dawa ikitumiwa ovyo na watu wengi, vijidudu huizoea, hata siku ile tuihitajipo kweli haitufai.

Kwa ajili hiyo mwaka 2007 Chama cha Moyo cha Marekani kilipunguza hesabu ya watu wa kupewa dawa. Wakabaki wale tu ambao wakipata ugonjwa huu watapatwa na mabaya makubwa kuliko wengine. Nao ni hawa: wenye mlango wa moyo wa kutengenezwa, au uliotengenezwa upya kwa vitu vya kigeni, waliokwisha kuugua endokaditisi zamani, baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo, hasa wale ambao midomo na kucha zao ni za buluu na hawajatengenezwa, na wale waliotengenezwa kwa vitu vya kigeni katika miezi sita ya kwanza, au ambao bado wana tundu au uvujaji karibu na mahali palipotengenezwa, na waliopewa moyo wa mtu mwingine, ukawa na mlango ulioharibika.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Mwezi wa Machi mwaka 2008 baraza lao la mashauri ya tiba, liitwalo NICE, lilisema kwamba asipewe mtu yeyote, hata wale wenye hatari kubwa. Basi madaktari wa meno wakatii. Kabla ya shauri hilo vyeti vya dawa hiyo vilikuwa kiasi cha 10,900 kila mwezi. Katika miaka mitano iliyofuata vilishuka hata 2,236. Kisha wachunguzi wakaketi kuhesabu. Habari yao ilitokea katika gazeti la madaktari liitwalo Lancet, nayo ilionyesha ya kuwa ilipofika Machi 2013 wagonjwa wa endokaditisi walikuwa wamezidi kwa watu 35 kila mwezi kuliko ilivyotazamiwa. Wachunguzi wenyewe walikuwa waangalifu. Hawakusema kwamba kuacha dawa ndiko kulikoleta zidio hilo, kwa kuwa mambo mawili yaweza kufuatana yasizaane. Walakini watu wengi waliingiwa na wasiwasi, na mwaka 2016 lile baraza likaongeza neno moja katika shauri lake, kwamba dawa isitolewe "kwa kawaida". Neno moja tu. Lakini lilimfungulia daktari mlango wa kumtazama mgonjwa aliye mbele yake na kushauriana naye.

Mwaka 2022 likatokea shauri lingine kutoka Marekani, la kuchungua habari za watu karibu milioni nane. Humo ilionekana ya kuwa kwa wale wenye hatari kubwa, kung'oa meno na kupasua kinywani kulifuatana na endokaditisi katika majuma manne ya baadaye, na waliopewa dawa kabla walipatwa mara chache zaidi. Na madaktari wa moyo wa Ulaya, katika mashauri yao ya mwaka 2023, walilitilia nguvu shauri la kuwapa dawa wenye hatari kubwa. Basi twaweza kusema hivi: kwa watu wengi dawa haina kazi, na kwa watu wachache yaweza kuokoa maisha. Hekima yote ni kujua wewe u katika kundi gani.

Sasa tuje kwetu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wengi wenye ila ya moyo hawakuzaliwa nayo. Waliipata utotoni kwa homa ya baridi yabisi, ambayo huanza kwa maumivu ya koo tu. Koo hupona, lakini baadaye viungo huvimba, na milango ya moyo hupata makovu. Watoto hawa hupewa sindano ya penisilini kila majuma matatu au manne, ili homa ile isirudi. Sindano hiyo ina faida kubwa. Jaribio lililofanywa Uganda kwa watoto 818 ambao dalili za ugonjwa wao zilikuwa bado changa, na kutangazwa mwaka 2021, lilionyesha ya kuwa katika miaka miwili ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 tu waliochomwa sindano, bali kwa wasiochomwa ulizidi kwa 33.

Lakini, wazazi, msikosee hapa. Sindano ya kila mwezi si dawa ya siku ya kung'oa jino. Ile huzuia homa ya baridi yabisi; haitoshi kuzuia vijidudu vya kinywani visishike moyoni. Tena kwa kuwa vijidudu vya kinywa cha mtoto huyo vimekwisha kuizoea penisilini, daktari akiona inafaa kumpa dawa kabla ya kung'oa, aghalabu huchagua ya namna nyingine. Wamarekani hawakuwaweka wenye kovu la baridi yabisi katika orodha yao, isipokuwa wamewekewa mlango mpya. New Zealand waliwaweka, na Australia waliwaweka wenyeji wa asili wa nchi yao, kwa sababu ugonjwa huo ni mwingi kati ya watu hao. Kwa hiyo mwenye mtoto wa namna hii na amwulize daktari wa moyo mapema, jino likiwa bado zima, asingoje usiku wa maumivu.

Haya basi ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, ukiwa na ila ya moyo, useme. Sema kabla hujaketi katika kiti, kabla koleo haijashikwa. Usione haya, wala usidhani watakufukuza. Umwombe daktari wako wa moyo akuandikie karatasi yenye jina la ugonjwa wako na kama wahitaji dawa au la. Uitie katika mfuko pamoja na kitambulisho chako. Tena useme kama penisilini hukudhuru.

Pili, dawa ikipasa, humezwa mara moja, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kazi. Kwa mtu mzima, kipimo kijulikanacho ni gramu mbili za amoksilini. Kwa mtoto hupimwa kwa uzito wake, na daktari ndiye apimaye. Kwa wale wasiopatana na penisilini ziko nyingine. Zamani wengi walipewa klindamaisini, lakini mwaka 2021 Wamarekani waliiacha kwa kazi hii, maana yaweza kuleta kuhara kubaya mno. Mtu asijinunulie dukani kwa kubahatisha.

Tatu, si kila kazi ya meno iliyo na haja ya dawa. Ni zile zigusazo ufizi na mzizi wa jino, kama kung'oa, kukwangua ukoga chini ya ufizi, na kutibu mzizi. Kupigwa picha hakuhitaji dawa, wala sindano ya ganzi mahali pasipo na usaha, wala mtoto kung'oka meno ya utotoni yenyewe. Mama asitishike kwa jino la mtoto lililoangukia mkononi.

Nne, mtu mwenye moyo mzima asimeze antibiotiki kwa hofu ya moyo kila ang'olewapo jino. Twawajua wengi wanunuao vidonge vichache, wameze viwili na kuviweka vilivyobaki kabatini. Huko ni kuwafundisha adui zetu vita.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: tunzeni vinywa. Piga mswaki asubuhi, na usiku kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, au kwa mswaki wa mti kama huna mwingine. Mwenye ila ya moyo na atazamwe meno yake mara mbili kwa mwaka, hata kama hayaumi. Jino bovu litibiwe mapema, na anayekwenda kupasuliwa moyo atengenezwe kinywa kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sita, mwenye ila ya moyo akipata homa isiyokoma, pamoja na jasho la usiku, uchovu na kukonda, asikae nyumbani akisema malaria, malaria. Na apimwe. Kama si malaria, amwambie daktari habari ya moyo wake, na habari ya jino kama aling'oa hivi karibuni, na damu itolewe kuchunguzwa kabla hajameza antibiotiki yoyote. Kwa maana dawa chache zilizomezwa mbele huwaficha vijidudu wasionekane, ila haziwaui wote. Hivyo ndivyo jirani yetu alivyopoteza mwezi mzima.

Kabla hatujamaliza, tuna neno la kuwaambia mama na bibi wenye watoto wachanga. Katika sehemu nyingi za nchi zetu, mtoto akiharisha na kushikwa na homa, wako wasemao ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Humpeleka kwa mtu amchimbe ufizi kwa kisu, au msumari, au waya wa gurudumu la baiskeli. Kile wanachokitoa, cheupe na laini, si ugonjwa. Ni chipukizi la jino lake mwenyewe, ambalo lingeota kwa wakati wake. Watoto wamekufa kwa kutokwa na damu, na kwa pepopunda, na kwa vijidudu vilivyopata njia ya kuingia katika damu kwa tundu hilo. Mtoto mzima wa moyo aweza kushindwa kwa mlango mkubwa namna hiyo. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, aendelee kunyonya, apelekwe zahanati. Msikubali kuchimbwa, hata kama jirani anashikilia.

Yule kijana wetu yu hai. Katika mfuko wa shati lake ana karatasi iliyokunjwa mara nne, nayo imeanza kuchanika penye mikunjo. Mwaka uliopita jino lingine lilimwuma. Alifika kwa daktari wa meno, akaitoa karatasi kabla ya kusalimu. Akapewa dawa, akangoja saa moja bila kunung'unika, akang'olewa. Majuma manne mkewe alimpima joto kila jioni, akiandika katika daftari. Homa haikuja.

Basi nyumba yenye mtu mwenye ila ya moyo na iandike karatasi yake mwezi huu. Na wasio na ila, wanunue miswaki mipya.